Kudhibiti sukari ukiishi Tanga: sahani, kipimo na daftari

Huu ni mwaka wa tisa naishi na kisukari cha aina ya 2, hapa Ngamiani. Miaka mitatu ya mwanzo nilikuwa mgonjwa wa kliniki tu. Napangiwa tarehe, naamka na njaa, napimwa, naambiwa "sukari iko juu, punguza wanga", napewa vidonge vya mwezi mzima, narudi nyumbani bila kujua nilikosea wapi. Nipunguze wanga upi, mimi niliyelelewa kwa wali wa nazi, bada na mkate wa kumimina? Nilianza kuelewa siku niliponunua mashine ya kupimia na daftari la kurasa 80. Kliniki hukuona mara moja kwa mwezi, lakini jiko lako linakuona mara tatu kwa siku, na sukari inaamuliwa hapo.

Ninachoeleza hapa ni namna ya kuuliza mwili wako swali, kupata jibu kwa namba, kisha kubadilisha jambo moja kwa wakati. Dawa na dozi ni za daktari wako. Mwongozo huu utakusaidia umwendee ukiwa na habari kamili mkononi.

Kwanza elewa kinachotokea mwilini

Ukila ugali, wali au muhogo, tumbo huvunja wanga uliomo ukawa glukosi, nayo huingia kwenye damu. Ndiyo hiyo sukari tunayoipima. Kongosho hutoa insulini ili misuli na viungo vingine viipokee glukosi hiyo na kuitumia. Katika aina ya 1 kongosho haitoi insulini, au hutoa kidogo mno, hivyo mtu huyo anaishi kwa sindano na hapaswi kuziacha hata siku moja. Katika aina ya 2 insulini ipo lakini mwili umekuwa mzito kuitikia, na kadiri miaka inavyokwenda kongosho nayo huchoka.

Kuna kiungo cha tatu ambacho wengi hawakijui: ini. Ini ni ghala la glukosi, na usiku huitoa kidogo kidogo ili ubongo usikose nguvu. Karibu na alfajiri homoni za mwili huisukuma itoe zaidi. Ndiyo maana unaweza kulala na 7 ukaamka na 9 bila kutia kitu mdomoni. Nimewaona wazee wakijilaumu kwa ajili ya namba hiyo, wengine wakiacha chakula cha usiku kabisa na bado asubuhi iko juu. Wala si wizi wa chakula. Mwambie daktari, kwa sababu dawa ya ini la asubuhi si sawa na dawa ya chapati za saa nne.

Hatua ya 1: Jua namba unazozilenga

Mashine nyingi za hapa kwetu husoma kwa mmol/L. Ukikutana na namba kama 126 au 180, hiyo imesoma kwa mg/dL. Igawanye kwa 18 utapata 7 na 10.

Kwa watu wazima wengi wasio wajawazito, sukari kabla ya kula inatakiwa iwe kati ya 4 na 7, na saa mbili tangu uanze kula isifike 10. Kipimo cha HbA1c, kinachoonyesha wastani wa miezi miwili hadi mitatu iliyopita, hulengwa chini ya asilimia 7. Mzee anayeishi peke yake, au mtu ambaye sukari yake huanguka mara kwa mara, daktari anaweza kumlegezea hadi asilimia 8. Mama mjamzito hukaziwa zaidi, na malengo yake apewe na kliniki yenyewe.

HbA1c husoma sukari iliyoganda kwenye chembe nyekundu za damu, ambazo huishi siku 120 hivi. Kwa hiyo mtu mwenye selimundu (sikoseli), mwenye upungufu mkubwa wa damu, au aliyeongezewa damu karibuni, anaweza kupata jibu lisilo sahihi. Huku pwani selimundu si jambo geni. Kama iko kwenye familia yenu, mwambie daktari kabla ya kipimo.

Hatua ya 2: Pima vizuri

Nawa mikono kwa maji na sabuni, kisha ikauke. Nasisitiza hili kwa sababu niliwahi kumenya embe, nikajifuta kwenye kanga, nikapima: 15.6. Moyo ulinienda mbio. Nikanawa, nikapima tena: 8.1. Ile ya kwanza ilikuwa sukari ya embe kwenye kidole.

Toboa pembeni mwa ncha ya kidole, pasipo na maumivu mengi, na badilisha vidole. Usikamue kwa nguvu. Shusha mkono chini, ukande taratibu kutoka kiganjani, tone litakuja. Stripu, vile vijikaratasi vinavyoingizwa kwenye mashine, zikae kwenye kichupa chake kilichofungwa, kwa sababu unyevu wa Tanga huziharibu upesi. Usiziweke kwenye friji, wala usizihamishie kwenye kifuko cha nailoni. Angalia tarehe ya mwisho kila ufunguapo kichupa kipya. Kisindano cha kutobolea ni cha mtu mmoja, hata mke na mume wasichangie.

Hatua ya 3: Pima kwa jozi

Hapa ndipo palipobadilisha maisha yangu, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Kupima asubuhi tu kila siku ni kama kuchungulia dukani saa ya kufunga: unajua kilichobaki, hujui kilichouzwa. Pima kabla ya kula, andika. Saa mbili tangu tonge la kwanza, pima tena, andika. Tofauti ya namba hizo mbili ndiyo jibu la mlo ule. Mimi nalenga tofauti isizidi 3.

Hivi ndivyo daftari langu lilivyosema wiki ya kwanza. Jumatatu: kabla 6.8, nikala chapati mbili na chai ya maziwa yenye vijiko vitatu vya sukari, baada 13.1. Jumatano: kabla 6.9, chapati moja, bakuli la mbaazi, nyanya na tango, chai ya rangi ya tangawizi bila sukari, baada 9.2. Jiko lilelile, mpishi yuleyule. Siku ile niliacha kuogopa chapati, nikaanza kuihesabu.

Najua stripu ni ghali na wengi wetu tunazinunua wenyewe. Kama una uwezo wa stripu saba kwa wiki, usizitawanye ovyo. Wiki ya kwanza chagua kifungua kinywa: jozi tatu kwa siku tatu tofauti, hizo ni sita, na moja ya asubuhi yoyote. Wiki ya pili fanya hivyo kwa chakula cha mchana, ya tatu kwa cha usiku. Kufikia mwisho wa mwezi unajua ni mlo upi unaokuharibia, na unaanza kurekebisha huo peke yake. Anayetumia insulini anahitaji kupima mara nyingi zaidi, pamoja na kabla ya kulala na kabla ya kuendesha bodaboda au gari. Mpango wake aupate kwa daktari.

Kwenye daftari andika vitu vinne tu: saa, namba, ulichokula kwa kipimo cha mkono au kikombe, na jambo lolote lisilo la kawaida, kama homa, msiba, safari au dawa uliyosahau. Ukiandika "wali" bila kusema kiasi, baada ya mwezi daftari halitakuambia kitu.

Hatua ya 4: Panga sahani, hata kama mnakula sinia

Kipimo chepesi ni hiki: nusu ya sahani mboga za majani na mboga nyingine zisizo na wanga mwingi, robo samaki, nyama, mayai au mikunde, na robo ya mwisho ndiyo ya wali, ugali, chapati, muhogo au ndizi. Mchicha, matembele, kisamvu, bamia, bilinganya na kabichi vyote vipo soko la Mgandini kwa bei ya kawaida. Samaki ndiyo usiseme. Kibua, dagaa na pweza havipandishi sukari. Ni namna ya kupika tu ndiyo ya kuangalia. Mikunde kama mbaazi, kunde na choroko ina wanga, lakini una nyuzinyuzi na huingia kwenye damu polepole, ndiyo maana ile Jumatano yangu ilikuwa nzuri.

Tatizo letu ni sinia. Watu watano wamezunguka sinia moja, tonge linafuata tonge, nani atajua amekula vikombe vingapi? Kikombe kimoja cha wali uliopikwa kina gramu 45 hivi za wanga, na kwenye sinia ni rahisi kula vitatu bila kuhisi. Ninachofanya mimi ni kupakua sehemu yangu kwenye sahani kabla mikono haijaingia, kisha nakaa palepale mkekani na wenzangu. Mwanzoni mama mkwe alidhani nimemsusia chakula chake. Nilimweleza, na sasa yeye ndiye anayenipakulia, mboga kwanza. Usimpeleke mgonjwa wa sukari kula chumbani peke yake. Atakula vizuri kwa wiki mbili, kisha atakula kwa siri.

Anza na mboga na samaki, wanga uje mwishoni. Kwa chakula kilekile, mpangilio huu hupunguza kasi ya sukari kupanda. Jaribu, na ulipime kwa jozi.

Yapo mambo yanayosemwa barazani ambayo lazima niyajibu. La kwanza, kwamba dona haina sukari. Dona ina nyuzinyuzi kuliko sembe na inashibisha zaidi, lakini ni wanga. Bonge kubwa la dona litakupandisha. Bada nayo ni muhogo, na muhogo ni wanga mtupu, kwa hiyo iheshimu kama ugali mwingine. La pili, asali. Asali ni sukari, iwe ya nyuki wadogo au wakubwa. La tatu ndilo linaloniuma zaidi: kwamba vitu vichungu huondoa utamu kwenye damu. Uchungu wa muarobaini hauendi kutafuta utamu kwenye mishipa na kuufuta. Nimewazika watu waliobadilisha vidonge kwa chupa ya mitishamba. Ukitaka kutumia mlonge au mdalasini kama chakula, tumia, lakini mwambie daktari na usiache dawa hata siku moja kwa ajili yake.

Vinywaji ndipo pa kuanzia kwa sababu ndipo ushindi ulipo karibu. Chupa ya soda ya mililita 350 ina gramu 35 hadi 40 za sukari, ambayo ni kama vijiko vya chai vinane au tisa. Chai ya vijiko vitatu, mara tatu kwa siku, inakufikisha hapohapo. Punguza nusu kijiko kila wiki, ulimi utazoea kabla hujaona. Tia tangawizi, iliki, mdalasini, mchaichai. Kahawa chungu ya barazani ni rafiki yako. Kashata na halwa zinazoisindikiza siyo. Juisi ya miwa iache. Dafu lina sukari pungufu kuliko soda, ila si maji, kwa hiyo usilinywe kukata kiu. Kiu ya joto letu inatakiwa ikatwe na maji.

Machungwa ya Muheza yakiiva sikwambii uyaache. Kula moja zima, na nyama zake. Glasi ya juisi ni machungwa matatu au manne yaliyoachwa nyuzinyuzi zake kwenye kichujio. Embe nusu, papai kipande, ndizi mbivu moja ndogo, kila tunda kwa wakati wake na si yote kwa mkupuo.

Nazi haina wanga mwingi, hivyo tui halipandishi sukari kwa haraka, lakini lina mafuta mengi yanayoongeza uzito, na uzito huufanya mwili uzidi kuwa mgumu kwa insulini. Nyumbani kwetu wali wa nazi umebaki wa Ijumaa, siku nyingine tunatumia tui la pili. Kwa mwenye uzito uliozidi, kupungua kilo tano katika mia moja kunatosha kuonekana kwenye daftari.

Hatua ya 5: Tembea baada ya kula

Misuli ikifanya kazi hunyonya glukosi hata insulini ikiwa haiitikiwi vizuri. Dakika 15 za kutembea baada ya chakula cha usiku zilinipunguzia zaidi ya nilivyotarajia. Lengo la wiki ni dakika 150 za mwendo unaokuongezea pumzi, zigawe upendavyo. Tanga ni mji tambarare wa baiskeli, na jioni upepo wa Raskazone unakuita wenyewe. Vaa viatu vya kufunika vidole. Anayetumia insulini au vidonge vinavyoweza kuangusha sukari, kama glibenclamide, atembee na kitu kitamu mfukoni.

Hatua ya 6: Dawa, na joto letu

Metformin humezwa pamoja na chakula au mara baada ya kula, la sivyo tumbo huvuruga. Wengi huacha wiki ya kwanza kwa sababu ya kuharisha. Usiache, rudi useme, kwa kuwa huanzishwa kidogo kidogo na tumbo huzoea. Yenyewe peke yake ni nadra kuangusha sukari. Glibenclamide na gliclazide ni jambo jingine: hulazimisha kongosho kutoa insulini, umekula hujala. Ukimeza, lazima ule. Dozi uliyoisahau usiifidie kwa kumeza mara mbili.

Insulini isiyofunguliwa ikae kwenye friji, kati ya nyuzi 2 na 8, mbali na sehemu ya barafu. Iliyoganda haifai tena hata ikiyeyuka. Chupa uliyoanza kuitumia hudumu kama wiki nne mahali pa baridi ya kawaida, lakini mchana wa Februari Tanga si baridi ya kawaida. Kama huna friji, au umeme unakatika, tumia vyungu: weka chupa ndani ya kopo lenye mfuniko, kopo ndani ya chungu kidogo, chungu hicho ndani ya kikubwa, katikati jaza mchanga uliolowa, funika kwa kitambaa chenye maji, weka kivulini penye upepo. Udongo unapotoa jasho hupoza. Kamwe usiiache ndani ya gari au juu ya dirisha.

Insulini yenye mawingu iviringishe kati ya viganja mara kumi, usiitikise. Choma tumboni au pajani, na kila siku sogea upana wa kidole au viwili. Ukichoma palepale ngozi hufanya uvimbe wa mafuta, dawa ikanasa humo, leo sukari 14 kesho 3, ukidhani umerogwa.

Sukari ikishuka

Chini ya 4 ni hatari ya papo kwa papo. Dalili ni kutetemeka, jasho, njaa ya ghafla, moyo kwenda mbio, ulimi kuwa mzito, hasira isiyo na sababu, macho kuona ukungu.

Mwaka wangu wa nne, nilipokuwa natumia glibenclamide, nilimeza kidonge asubuhi, nikanywa chai kavu, nikakimbilia mazikoni Pongwe. Chakula kilichelewa. Nikaanza kutoka jasho, nikasema ni joto, sote tulikuwa tunatoka jasho. Mikono ikatetemeka, nikasema ni huzuni. Mzee mmoja mwenye ugonjwa kama wangu alinitazama, akatoa mashine kwenye mkoba: 2.8. Alininywesha soda pale chini ya mwembe. Joto la Tanga huficha dalili hizi, kwa hiyo ukitoka jasho na huelewi kwa nini, pima. Kama huna mashine, fanya kama imeshuka.

Chukua gramu 15 za sukari ya haraka: vijiko vya chai vitatu vilivyojaa vya sukari kwenye maji, au nusu ya chupa ya soda ya kawaida, isiwe ile isiyo na sukari. Chokoleti na maandazi hayafai hapa, mafuta yake huchelewesha. Subiri dakika 15, pima tena. Kama bado iko chini ya 4, rudia. Ikipanda, kula kitu cha kukushikilia, kama kipande cha mkate na yai, iwapo mlo wako uko mbali. Glibenclamide hukaa mwilini kwa muda mrefu na inaweza kukuangusha tena saa kadhaa baadaye, kwa hiyo siku hiyo usilale peke yako na endelea kupima. Kisha nenda kamwambie daktari, mimi dozi yangu ilibadilishwa wiki ile.

Mtu aliyezimia au asiyeweza kumeza asitiwe chochote mdomoni, si maji wala asali. Mlazeni ubavu, mkimbizeni hospitali. Wafundishe hili watoto wako na majirani leo, maana siku hiyo wewe hutaweza kusema.

Sukari ikipanda sana, na siku za homa

Malaria, kidonda kilichooza na homa yoyote hupandisha sukari hata kama huli. Kosa kubwa ni kusema "sijala, basi sichomi". Anayetumia insulini asiiache, ila dozi aipange na daktari. Kunywa maji, pima kila saa nne kama unaweza. Ukitapika au kuharisha sana, uliza haraka kuhusu metformin, kwa sababu mwili ukikauka huenda ukaambiwa uisimamishe kwa muda. Dawa ya kwinini inaweza kuangusha sukari na prednisolone huipandisha, hivyo popote unapotibiwa sema kwanza kwamba una kisukari.

Sukari inayobaki juu ya 15 pamoja na kutapika, maumivu ya tumbo, kupumua kwa haraka na kwa kina, pumzi yenye harufu kama ya matunda yaliyoiva mno, au usingizi usio wa kawaida, ni safari ya hospitali usiku huohuo. Usisubiri kukuche.

Ramadhani

Mji wetu ukifunga, ni vigumu mtu kubaki nyuma, na moyo hauelewi vipimo. Qur'ani imempa mgonjwa ruhusa ya kula na kulipa siku nyingine, au kutoa fidia. Basi kwanza nenda kwa daktari wiki sita hadi nane kabla ya mwezi. Mwenye aina ya 1, mjamzito mwenye kisukari, mwenye figo zilizochoka, na aliyeanguka sukari vibaya miezi ya karibuni, kwa kawaida hushauriwa wasifunge.

Ukiruhusiwa, dawa zitapangwa upya kati ya futari na daku, usizipange mwenyewe. Kutoboa kidole hakufunguzi, na wanazuoni wengi wameona hivyohivyo kuhusu sindano ya insulini. Pima asubuhi, adhuhuri, alasiri na saa mbili baada ya futari. Ikiwa chini ya 3.9 au juu ya 16.7, fungua palepale, hata kama adhana ya magharibi imebaki dakika kumi. Dakika kumi zinatosha kuzimia.

Futuru kwa maji na tende moja ndogo au mbili. Moja ina gramu tano au sita za sukari. Kisha angalia meza: muhogo wa nazi, magimbi, viazi vitamu, tambi za sukari, uji, vitumbua. Vyote sita ni wanga. Chagua kimoja, kipakulie robo ya sahani, ujaze samaki na mboga. Daku usiiache, na uile karibu na alfajiri.

Miguu

Sukari ikikaa juu kwa miaka huua mishipa ya fahamu ya nyayo. Mtu anakanyaga gamba la chaza ufukweni, anatembea nalo mpaka nyumbani, hajui. Kwa hiyo usitembee peku, si ufukweni, si uani, si chooni. Kung'uta viatu kabla ya kuvaa. Kila jioni baada ya kuoga, tazama nyayo zote mbili na katikati ya vidole; kama huoni vizuri tumia kioo au mwombe mjukuu. Kausha katikati ya vidole, paka mafuta ya nazi kwingineko lakini si hapo katikati. Maji ya moto usiyajaribu kwa mguu, tumia kiwiko. Sugu usizikate kwa wembe. Lengelenge au kidonda chochote, hata kisichouma, kionwe na mhudumu wa afya leo au kesho. Kisichouma ndicho cha kuogopa.

Unapokwenda kliniki

Beba daftari, na beba dawa zenyewe, si karatasi. Shinikizo la damu lipimwe kila uendapo. HbA1c ni kila miezi mitatu kama hujafikia lengo, kila sita kama umetulia. Mara moja kwa mwaka uliza uchunguzi wa macho kwa dawa ya kupanua mboni, mkojo kwa ajili ya protini, damu kwa ajili ya figo na mafuta, na nyayo zipimwe kama zinahisi. Kituo cha afya kilicho karibu nawe kinaweza kuanza nawe, na wao watakuelekeza kama unahitaji kwenda Bombo kwenye hospitali ya rufaa ya mkoa.

Daktari ana dakika chache. Usimsomee kurasa zote. Usiku wa kuamkia miadi zungushia duara jozi tatu mbaya zaidi, na uandike swali moja chini ya kila moja. "Kwa nini asubuhi 9 wakati nimelala na 7?" Swali la namna hiyo hujibiwa. Ukitoka, fungua ukurasa mpya, andika juu tarehe ya kurudi, na chini yake mlo utakaoanza kuupima kesho.